Bildad Kaggia: Askari, Mhubiri na Mwenye Kinu wa Kandara

Bildad Mwaganu Kaggia alizaliwa mwaka 1921 huko Dagoretti, kando ya Nairobi, katika familia ya asili ya Murang'a, wilaya ambayo serikali ya kikoloni iliiita Fort Hall. Wengi humtambua kama mmoja wa Sita wa Kapenguria, wanaume walioshtakiwa pamoja na Jomo Kenyatta mwaka 1952 kwa kuongoza Mau Mau. Siasa, hata hivyo, ilikuwa sehemu tu ya maisha yake. Alikuwa askari wa Vita vya Pili vya Dunia, mhubiri aliyeanzisha dini yake mwenyewe, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, mbunge wa Kandara, na kwa miaka mingi ya uzeeni mtu aliyekula jasho lake kwa mashine ya kusagia unga. Vitabu vya historia hupita haraka sana kwenye dini yake, kana kwamba ilikuwa kituo kidogo njiani kuelekea siasa. Ukweli ni kwamba msimamo aliokuja kuushikilia juu ya ardhi, ule uliomfarakanisha na wenzake wa gerezani, aliuanza akiwa na Biblia mkononi.

Murang'a aliyokulia ilikuwa nchi ya migongo mirefu na mito ya baridi inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua kwenda Sagana na Thika. Huko ndiko kuliko na Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo Wagikuyu husema Gikuyu na Mumbi walianzia. Mwaka 1900 Mwingereza Francis Hall alijenga ngome mahali palipoitwa Mbiri, akafia papo hapo mwaka uliofuata, na mji ukapewa jina lake hadi baada ya uhuru. Nyuma ya ngome walikuja wamisionari. Wakatoliki wa Consolata walifika Tuthu, kwa Karuri wa Gakure, mwaka 1902, nao Waanglikana wa CMS wakafungua vituo vya Weithaga na Kahuhia kabla ya mwaka 1910. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwachukua maelfu ya vijana wa wilaya hiyo kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza Tanganyika, wengi wao katika msako mkubwa wa mwaka 1917. Waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Jina la Kariokor, mtaa wa Nairobi, ni kumbukumbu ya kikosi hicho.

Misheni ilileta vitu viwili ambavyo watu wa Murang'a walivishika kwa nguvu: kusoma na ufundi. Kijana aliyejua kupima, kukata mbao, kuchonga mawe na kuandika barua hakuhitaji kuomba kazi ya shambani kwa mzungu. Lakini kanisa lilidai mengi kwa malipo ya elimu hiyo. Mwaka 1929, wamisionari walipotaka waumini waapishwe kuacha tohara ya wasichana, makanisa mengi yalibaki matupu, na wazazi wakaanza kujenga shule zao wenyewe kwa michango, kazi ya mikono na mawe yaliyobebwa mgongoni. Swali la nani angewabatiza watoto wao lilijibiwa mwaka 1935. Mwaka huo Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la Kiothodoksi la Kiafrika alikuja kutoka Afrika Kusini kwa mwaliko wao, akawafundisha makasisi wa kwanza huko Gituamba, Murang'a. Wakati huohuo Arathi, watu wa kilemba cheupe, walikuwa wakihubiri kwamba Roho Mtakatifu hana haja ya mzungu ili ashuke. Kaggia alipokuwa mvulana, basi, swali la Mkristo mweusi anamtii nani lilikuwa tayari limejadiliwa katika kila mgongo wa Murang'a.

Alisomea shule ya CMS Kahuhia. Kahuhia haikuwa shule ya kawaida. Miaka michache baada ya Vita vya Kwanza, vijana wa wilaya hiyo waliosoma misheni, wakiwemo Joseph Kang'ethe na baadaye James Beauttah, walikuwa mstari wa mbele katika chama cha Kikuyu Central Association, kilichoanzishwa Fort Hall mwaka 1924 kudai ardhi iliyonyang'anywa na kupinga kipande. Wazee waliosali Jumapili ndio walioandika barua za malalamiko Jumatatu. Kaggia alifaulu mtihani vizuri, ila karo ya shule ya upili haikupatikana, akaajiriwa karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya mjini Fort Hall. Hapo aliona kwa karibu jinsi utawala unavyofanya kazi: vibali, kodi, faini, na wazee waliosimama nje mchana kutwa wakisubiri kusikilizwa na kijana wa kizungu.

Vita vilipozuka tena alijiunga na jeshi. Waafrika wa Kenya wapatao 98,000 walivaa sare katika vita hivyo, wengi wao si wapiganaji wa bunduki bali madereva, makarani, wapishi, wauguzi, mafundi wa magari na vibarua wa kuchimba mahandaki. Waruhiu Itote wa Nyeri, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alipelekwa Burma. Kaggia alipelekwa Mashariki ya Kati na baadaye Uingereza. Kwa kijana aliyekaririshwa Biblia Kahuhia, Palestina haikuwa nchi ya ramani tu. Alitembelea Yerusalemu na mahali patakatifu pengine alipokuwa akipasoma tangu utotoni, na safari hiyo haikumwongezea heshima kwa kanisa alilolijua. Mambo ambayo misheni ilimfundisha kuwa ni Ukristo wenyewe aliyaona sasa kuwa desturi za Wazungu zilizowekewa jina la Mungu. Uingereza ilimalizia somo hilo. Huko askari kutoka makoloni waliwaona Waingereza maskini, Waingereza wafagiaji na wapakia mizigo, na Waingereza wengi ambao hawakuwa na habari na kanisa kabisa. Ule ukuu uliojengwa Fort Hall kwa miaka 40 uliporomoka.

Alirudi Kenya vita vilipokwisha. Waliorudi pamoja naye walikuwa na akiba, leseni za udereva, ujuzi wa mashine na matumaini makubwa. Serikali iliwafungulia mafunzo, baadhi katika Jeanes School ya Kabete, na kuwahimiza warudi vijijini wakafungue maduka. Wengi walichanga fedha wakanunua lori kuukuu au kujenga duka, na wengi wakafilisika upesi, kwa kuwa kijiji kimoja hakiwezi kulisha maduka kumi, na mikopo, leseni na bidhaa za jumla vilikuwa mikononi mwa wengine. Askari wa kizungu aliyerudi kutoka vita vilevile alipewa shamba katika nyanda za juu. Ni vigumu kueleza hasira ya Murang'a ya miaka iliyofuata bila kuliweka jambo hili mbele.

Kaggia hakuanza na duka wala lori. Alianza na mimbari. Kuanzia mwaka 1946 alisimama hadharani kuwaambia Wakristo wenzake kwamba wamefungwa mara mbili, na serikali na kanisa, na kwamba kifungo cha pili ndicho kinachofanya cha kwanza kivumilike. Alihubiri kwamba Mwafrika anaweza kumwendea Mungu bila kupitia kwa mmisionari, bila kuacha mila zisizopingana na Injili na bila kujifanya Mzungu. Hakuikana Biblia. Aliitumia dhidi ya walioileta, aya kwa aya, na kwa kuwa alikuwa ameisoma kwao, walishindwa kumwita mpagani. Misheni ilimfungia milango. Wafuasi wake wakakutana majumbani na chini ya miti, na watu wakauita mkusanyiko huo Dini ya Kaggia. Ulivuka mipaka ya Murang'a ukafika kwa makabila mengine, jambo lisilokuwa la kawaida kwa dini mpya za wakati huo.

Serikali iliutazama kwa wasiwasi. Mwaka 1947 wafuasi wa dini nyingine ndogo walikuwa wamepambana na polisi karibu na Gatundu na watu wakafa. Huko magharibi Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ilipigwa marufuku mwaka 1948. Mhubiri yeyote asiyekuwa na kibali cha misheni alihesabiwa mchochezi. Ndani ya Murang'a kwenyewe moto ulikuwa umeshaanza kushika: mwaka 1947 watu walikataa kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mwaka uliofuata wanawake waliandamana hadi mjini Fort Hall kukataa kuendelea nayo. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya. Kilichokataliwa ni kulazimishwa kuchimba, kwa siku za juma zilizopangwa na chifu, katika ardhi iliyokuwa imebanwa kwa sababu iliyobaki ilichukuliwa na walowezi.

Baada ya miaka michache ya kuhubiri Kaggia alifikia uamuzi kwamba roho haiwezi kukombolewa peke yake huku mwili ukibaki mtumwa. Alihamishia nguvu zake Nairobi, katika vyama vya wafanyakazi, akiongoza chama cha makarani na kisha Labour Trade Union of East Africa, chama alichokianzisha Makhan Singh. Mei 1950, baada ya Makhan Singh na kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, Fred Kubai, kukamatwa, Nairobi iligoma. Kaggia na wenzake waliiteka kamati ya tawi la Nairobi la Kenya African Union mwaka 1951, naye akawa katibu. Alihariri gazeti la Kigikuyu, Inooro ria Agikuyu. Kwa siri alikuwa katika halmashauri iliyoratibu viapo vya Mau Mau, iliyoitwa Muhimu, jambo alilolieleza waziwazi katika kitabu chake cha kumbukumbu, Roots of Freedom, kilichochapishwa mwaka 1975. Waliomsikia akihutubia wafanyakazi waliitambua sauti ya mhubiri: mpangilio wa hoja, mifano ya Kutoka, uvumilivu wa kurudia jambo hadi wa mwisho kuelewa aelewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952 alikamatwa. Kesi ya Kapenguria ilimkutanisha na Kenyatta, Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kungu Karumba mbele ya Jaji Ransley Thacker, huku D. N. Pritt akiongoza mawakili wa utetezi. Tarehe 8 Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu, ingawa hukumu ya Oneko ilibatilishwa baadaye naye akawekwa kizuizini bila hukumu. Shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia, alikuja kukiri mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa kununuliwa. Wafungwa walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa nchi, mahali pa mawe na upepo wa moto, ambako Kenyatta, mzee kuliko wote, alipewa kazi ya kupika na wengine wakavunja mawe. Itote aliletwa humohumo baada ya kukamatwa mwaka 1954. Mwaka 1958 barua ya wafungwa iliyotoroshwa kutoka Lokitaung, ikilalamikia maji na chakula, ilichapishwa na gazeti la Observer huko London. Humo gerezani uhusiano kati ya Kenyatta na wenzake, Kaggia akiwemo, uliharibika, na ufa huo haukuzibika kamwe.

Nyumbani Murang'a vita vya Mau Mau vilikuwa vimegawanya nyumba. Watu walihamishwa kwa nguvu kutoka makao yao ya migongoni wakajazwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki na vijiti vyenye ncha. Baadhi ya Wakristo waliokataa kiapo waliuawa, na kwa ukumbusho wao likajengwa kanisa la Mtakatifu James na Mashahidi Wote mjini Fort Hall, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Ndani yake msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu huko Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alichora michoro mitano mikubwa ukutani, akaimaliza mwaka 1959. Yesu wa michoro hiyo ni mweusi. Anazaliwa katika kibanda cha Kigikuyu, na nyuma yake ni migongo na migomba ya Murang'a. Kanisa lililojengwa kuwaombolezea waliouawa na Mau Mau likapata hivyo picha ileile ya imani ambayo Kaggia aliihubiri miaka 13 nyuma na kufukuzwa kwa ajili yake. Inafaa kulitaja jambo hili kwa sababu wanahistoria wa kanisa na wanahistoria wa Mau Mau mara nyingi huandika bila kusomana.

Kaggia aliachiliwa mwaka 1961. Mwaka 1963 watu wa Kandara, kusini mwa Murang'a, walimchagua bungeni, na akateuliwa katibu wa Bunge katika Wizara ya Elimu. Cheo hakikumtuliza. Alishikilia kwamba ardhi iliyoibwa haiuziwi mwenyewe. Serikali mpya ilikuwa ikinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo ya Uingereza na kuwagawia Waafrika ambao wangelazimika kulipa deni hilo, na waliokuwa msituni au kizuizini hawakuwa na fedha za malipo ya kwanza. Ndani ya Murang'a yenyewe kazi ya kuunganisha vipande vya mashamba, iliyofanywa wakati wa hali ya hatari ya miaka ya Mau Mau huku wenyewe wakiwa vizuizini, ilijaa udanganyifu kiasi kwamba sehemu yake ililazimika kurudiwa. Kaggia aliyapokea malalamiko ya waliopunjwa moja moja, akayapeleka bungeni na magazetini. Kenyatta alimwandikia barua ya kumwonya, na katikati ya mwaka 1964 akauacha wadhifa wake serikalini.

Mkutano wa Kandara wa mwaka 1965 umebaki katika kumbukumbu za Kenya. Mbele ya wapiga kura wa Kaggia, naye akiwepo, Rais Kenyatta alimuuliza amejifanyia nini. Aliwataja waliofungwa naye, Ngei, Kubai na Karumba, na mali walizokwisha kujipatia: mashamba, nyumba, mabasi. Kaggia, alisema, anahubiri vitu vya bure. Katika swali lile palikuwa na kanuni mbili za maisha zilizogongana. Kwa Kenyatta, bidii huonekana kwa mali, na asiyejitajirisha baada ya gereza ni mvivu. Kaggia hakuwa mvivu hata siku moja katika maisha yake, na waliomjua hawakuhitaji kuambiwa hilo. Alikataa tu kwamba mateso ya umma yawe hundi ya mtu binafsi, na msimamo huo unafanana na mafundisho yake ya mwaka 1946 kuliko itikadi yoyote ya Moscow au Peking ambayo wapinzani wake walimpachika.

Aprili 1966 alijiunga na chama cha upinzani, Kenya People's Union (KPU), cha Jaramogi Oginga Odinga, akawa naibu wake. Sheria ilibadilishwa haraka ili waliohama chama warudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi mdogo wa mwaka huohuo alikipoteza kiti cha Kandara kwa Taddeo Mwaura. Mwaka 1968 alifungwa kwa kuhutubia mkutano usiokuwa na kibali, safari hii na serikali ya nchi aliyoipigania. Mwaka 1969 alirudi KANU, chama tawala, miezi michache kabla ya KPU kupigwa marufuku. Baadaye alipewa uenyekiti katika mabodi ya serikali ya mazao, kazi alizozifanya bila kashfa na bila kujichotea.

Alipoachana na siasa alirudi Kandara na kinu cha kusaga. Biashara hiyo ina historia ndefu katika eneo hilo. Katika miaka ya 1930 Waafrika wenye akiba walianza kujenga vinu vya maji kandokando ya mito, na baada ya vita vinu vya dizeli vikaenea vijijini, kwa sababu unga wa mahindi ulikuwa umeshakuwa chakula cha kila siku katika mashamba, magerezani na shuleni. Ni kazi isiyopumzisha. Mama anafika na debe la mahindi mgongoni, ukanda ukiwa kwenye paji la uso. Mtoto anatumwa na kilo mbili kwenye mfuko. Mahindi humiminwa kwenye mdomo wa juu, yanateremka taratibu yasije yakaziba, nyundo za chuma zinazozunguka ndani ya kasha zinayapasua, na unga unapenya kwenye chujio ukitoka na joto lake ndani ya mfuko wa kitambaa. Nyundo zikichakaa upande mmoja hugeuzwa. Chujio likitoboka unga huwa chenga na wateja hulalamika siku hiyohiyo. Mkanda ukilegea lazima mtambo uzimwe. Mwenye kinu asiyesikiliza sauti ya mashine yake ataharibikiwa, na asiyepima kwa haki hatarudiwa na mtu. Malipo ni ya shilingi chache kwa kila debe, na jioni nywele, nyusi na koti vyote ni vyeupe.

Watu walioongozwa na picha za magazeti walishangaa kwamba mfungwa wa Kapenguria na mwenyekiti wa zamani wa bodi ya serikali anaishi hivyo. Kandara haikushangaa sana. Huko palikuwa na wazee wengi wa rika lake, askari wastaafu na wafungwa wa zamani, waliokuwa waashi, maseremala, washonaji na wenye vinu, ambao Jumapili walisoma somo kanisani na Jumatatu wakafungua karakana. Tofauti yake na wao ni kwamba yeye alikuwa na nafasi ya kuchagua vingine.

Ardhi ya Kandara imeendelea kubishaniwa. Chini ya migongo ya kahawa na parachichi kuna mashamba makubwa ya mananasi kuelekea Thika, na wakazi wameunda umoja wao kudai sehemu ya ardhi hiyo mbele ya tume ya taifa ya ardhi, kwa hoja ambazo mbunge wao wa kwanza angezitambua.

Kaggia alifariki tarehe 7 Machi 2005. Kenyatta alikuwa amefariki mwaka 1978, Kubai mwaka 1996 na Ngei mwaka 2004, huku Kungu Karumba akiwa ametoweka nchini Uganda tangu mwaka 1974. Kati ya wale sita alibaki Achieng Oneko peke yake, hadi alipofariki Juni 2007.